Mbwa wa Nyumbani na Simba wa Nyika

Msafiri atokaye Naivasha kwenda Nakuru kwa njia ya Gilgil huona punda milia na swala wakila majani kando ya barabara. Asiye na haraka hupunguza mwendo akatazama nyika kavu, vichaka vya leleshwa, na maji ya magadi ya Ziwa Elmenteita. Mbwa wake naye huinua masikio dirishani.

Lakini akifika lango la Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa mwaka 1968, mbwa huyo haruhusiwi kuingia. Wako wadhanio kuwa huo ni ukali wa bure. Sivyo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao chanzo chake ni mbwa wa vijijini, uliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko. Kisha ukavuka mpaka ukaingia Maasai Mara. Mbwa hakuhitaji kuuma mtu wala mnyama. Pumzi yake ilitosha.

Basi afugaye mbwa karibu na mbuga na ampeleke kwa bwana mifugo achanjwe distempa, na kichaa cha mbwa pia. Kwa safari moja atakuwa amewakinga simba wa nchi na watoto wake mwenyewe.