Karatasi ya Sita

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameleta habari kwamba umekataa kujiandikisha kuwa mpiga kura, na ukiulizwa unajibu kuwa kura haijawahi kushusha bei ya unga. Mjomba wako hakukasirika. Neno la kijana aliyeiona Kenya ya Juni 2024 halijibiwi kwa ukali. Linajibiwa kwa hoja, na hoja zenyewe zimo katika mambo yaliyokwisha kutokea, mengine hapa hapa Pwani.

Mwaka huo vijana walifanya jambo ambalo wazee wao hawakuwahi kulifanya. Waliuchukua Mswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwenye simu. Wabunge waliupitisha tarehe 25 Juni. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini. Ushindi huo ulilipiwa kwa damu: Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule. Mtu mzima anayewaambia vijana hao kwamba walikuwa wakipoteza wakati hana haya. Lakini waliopitisha mswada ule walichaguliwa Agosti 2022, na hapo ndipo hesabu inapouma.

Agosti ile sajili ilikuwa na wapiga kura milioni 22.1. Waliofika vituoni ni kama asilimia 65. Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Waliachana kwa kura 233,211. Waliokuwa kwenye sajili wakabaki nyumbani walikaribia milioni 7.8, yaani wengi kuliko waliomchagua mshindi. Na hao ni waliojiandikisha tu. Vijana wa miaka 18 hadi 34 kwenye sajili walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 wakilinganishwa na wa 2017, katika nchi ambayo kila mwaka maelfu kwa maelfu hupata kitambulisho. Mombasa, mji wako, hata nusu ya waliojiandikisha hawakutokea.

Wako wanaosema kwamba kubaki nyumbani nako ni kutoa sauti. Hilo limejaribiwa. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, upinzani uliususia ule wa marudio wa Oktoba. Waliopiga kura hawakufika asilimia 40, Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98, akaapishwa, akatawala muhula wake hadi mwisho. Kabla ya hapo, mwaka 2013, vuguvugu la MRC lililokuwa na kauli ya "Pwani si Kenya" liliwataka Wapwani wasipige kura. Malalamiko yao ya ardhi yalikuwa ya kweli, na mengi yapo hadi leo. Viti vya Pwani vilijazwa vyote hata hivyo, na wakaaji wake wakapata mishahara na kupitisha bajeti kwa niaba ya waliokuja na wasiokuja.

Rika la mjomba wako linalo jambo moja la kusimulia kuhusu thamani ya kura, nalo ni mlolongo. Mwaka 1988 KANU ilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, na katika mchujo wake wapiga kura walipangwa mstari nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Chifu aliona, mwajiri aliona, jirani aliona nani kasimama wapi. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita moja kwa moja, hakuna tena kura ya siri. Mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu mchana kweupe mbele ya watu waliojipanga wenyewe, na ni wachache tu waliothubutu kunyanyua mkono. Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri mwaka huo kwa sababu ya wizi katika chaguzi za chama. Julai 1990, alipodai vyama vingi pamoja na Charles Rubia, walitiwa kizuizini, na Matiba alitoka na kiharusi ambacho hakikumwacha maisha yake yote. Kifungu cha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Kibanda cha kura ambacho leo kijana anakipita bila kugeuka kimejengwa na watu wa namna hiyo.

Sasa twende kwenye mizani yenyewe. Mkenya akiingia kituoni hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Nchi nzima huzungumzia ile ya kwanza, mijadala ya redio humalizikia hapo, na ile ya sita hutiwa alama kwa jina la chama au kwa sura ya mtu aliyenunua chai. Mambo yangepaswa kuwa kinyume. Kenya ina wadi 1,450. Igawe sajili ya 2022 na wadi hizo, utapata wastani wa watu elfu 15 hivi kwa wadi moja. Waondoe wasiotokea, wanabaki pungufu ya elfu 10, na hao wanagawanywa na wagombea kadhaa. Hapo vijana mia tatu wa mtaa mmoja wanaweza kumweka mtu au kumwondoa.

Magarini, kule Kilifi, wanalijua hilo hata kwa kiti cha ubunge. Mwaka 2022 Harrison Kombe alitangazwa mshindi kwa kura 11,946 dhidi ya 11,925 za Stanley Kenga. Kura 21! Mahakama ya Malindi ikaufuta uchaguzi huo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na kiti kikabaki wazi kwa sababu tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025. Uchaguzi mdogo ulikuja kufanyika Novemba 2025. Eneo zima lilikaa bila mbunge, chanzo chake ni idadi ya watu ambao wangetosha katika matatu mawili.

Na kwa nini kiti cha chini kabisa kijaliwe hivyo? Kwa sababu mambo mengi yanayomgusa mama yako tangu alfajiri hayako tena Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti zahanati na hospitali zake, masoko, maji, barabara za ndani, uzoaji taka, kilimo na chekechea. (Feri ya Likoni inaendeshwa na serikali ya taifa, kwa hiyo mwakilishi wadi asitukanwe bure kwa foleni ya kivukoni.) Kabla ya hapo Kenya iliongozwa kwa fikra za Waraka wa serikali Namba 10 wa 1965, uliotaka fedha zielekezwe kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi, yaani palipokuwa tayari na mvua, udongo mzuri na reli. Waliokuwa nacho wakaongezewa. Wajir ilingoja nusu karne baada ya uhuru, hadi ilipopata serikali ya kaunti, ndipo ikaona lami yake ya kwanza.

Makueni ndiko kunakofaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu kulianza vibaya. Gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, na wawakilishi wadi walifarakana juu ya bajeti hadi Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa katika makao ya kaunti, Wote. Wakazi waliwasilisha ombi kaunti yao ivunjwe. Tume iliyoundwa kuchunguza ikapendekeza isimamishwe. Rais Kenyatta akakataa mwaka 2015. Wakaachiwa wenyewe watengeneze walichokiharibu, nao wakakitengeneza. Mikutano ya bajeti ilianzia vijijini, ikapanda hatua kwa hatua hadi wadi na kaunti, wananchi wakipanga ni mradi upi utangulie. Kila mradi ulikuwa na kamati iliyochaguliwa na wakazi, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanyika. Mwaka 2016 kaunti ilianzisha mpango wa matibabu ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Hospitali ya mama na mtoto ikajengwa Wote, na kiwanda cha kusindika maembe kikasimama Kalamba, katika eneo ambalo maembe yalikuwa yakioza chini ya miti. Makueni ni nchi ya ukame, haina bandari wala mashamba ya chai. Ilichokuwa nacho ni watu waliokwenda mkutanoni na serikali iliyolazimika kuwasikiliza.

Si kaunti zote zilizofika huko, na mjomba wako hatakuficha. Wauguzi waligoma miezi mitano mwaka 2017, wajawazito wakapata taabu ambayo haifai kusahauliwa. Wafanyabiashara wadogo wanazidai kaunti mabilioni ya shilingi kwa kazi walizokwisha fanya, na wengine wamefilisika wakingoja. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa ugavana na Seneti Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani katika kesi ya zabuni za barabara. Kutokana na visa kama hivyo wapo wanaotaka afya irudishwe Nairobi. Hapo mjomba wako anapinga kabisa. Mwizi wa kaunti huibia barabara ambayo watu wanaipita kila siku na wanaweza kuihesabu kwa hatua zao. Fedha zikipotea wizarani, mkazi wa Likoni huzisikia tu kwenye taarifa ya habari.

Tena madaraka yenyewe hayajashuka ya kutosha. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa karibuni, na mgao huo ulipanda kutoka shilingi bilioni 190 mwaka 2013/14 hadi bilioni 387 mwaka 2024/25. Mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba ulitaka iwe asilimia 35, lakini ulizimwa mahakamani kwa sababu nyingine. Hata kilichopo hufika kimechelewa, na kaunti ikikosa fedha dawa huwa za kwanza kuisha.

Kwale inajua uchungu wa kungoja. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Titani ya Kwale ilisafirishwa nje tangu 2014, na miaka ilipita bila wanakijiji kuona sehemu yao. Desemba 2024 uchimbaji ulifungwa. Au chukua maji: yanayofika Likoni hutoka kwenye visima vya hapa Tiwi, mengine ya Mombasa hutoka Marere, Baricho na chemchemi za Mzima. Maji ni kazi ya kaunti kikatiba, ila mitambo mikubwa ya kuyavuta na kuyauza kwa jumla ingali mikononi mwa wakala wa serikali ya taifa. Kwa hiyo mwenye kisima ana kiu, mnunuzi ana deni, na kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Kaunti zinazohusika zingepewa mamlaka kamili juu ya maji hayo, wananchi wangejua mlango wa kubisha.

Lakini kudai madaraka zaidi huku karatasi ya sita ikiachwa kwa wachache ni kuwapa wachache hao nguvu zaidi. Hapa ndipo mjomba wako anapokutegemea wewe na wenzako. Kila kaunti nayo ina Mswada wake wa Fedha kila mwaka. Ndio unaopanga ada ya soko, leseni ya duka, maegesho, ushuru wa anayeshusha mananasi au samaki. Unapita katika bunge la kaunti, na karibu hakuna anayeusoma. Vijana walewale waliousoma ule wa Nairobi usiku kucha hawajawahi kuugusa huu, ilhali ndio unaomkata mama yako fedha kila anapotandika bidhaa zake.

Kalenda si siri. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Katiba inalitaka bunge hilo lishirikishe umma. Ukumbini mara nyingi huwa wazee wachache, watu wa mwakilishi wadi waliopewa nauli, na karani anayeandika majina. Vijana kumi waliosoma nakala yao wangeubadilisha mkutano huo kabisa, na mwakilishi wadi angeondoka akijua kwamba kumi hao wana kura, na wana marafiki wenye kura.

Uandikishaji ulifunguliwa tena tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi za tume za maeneobunge. Beba kitambulisho chako. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Utakayemchagua ni siri yako, na mjomba wako hatakuuliza. Ila ukipata nakala ya Mswada wa Fedha wa Mombasa wa mwaka huu, leta moja Tiwi utakapokuja. Tutaanza na ukurasa wa ada za masoko, na mama yako awepo, kwa sababu yeye ndiye anayejua anacholipa na anachopewa risiti.

Wasalaam,
Mjomba wako