Kodi Inasema Wapi, Haisemi Kwa Nini

Wengi mmeuliza baada ya kipindi kilichopita: pikapu ya Baba imepona? Imepona. Ila ngoja nieleze vizuri, maana wengi wetu tuna mzee mwenye gari kuukuu na taa ya injini inayowaka, na tukisikia neno "kodi" tunafikiria ya nyumba.

Pikapu yetu ni ya mwaka 2003, V8. Baba anapaka rangi nyumba za watu, na ngazi na ndoo zote zinapanda humo. Ikilala, kazi inalala. Halafu hapa Cleveland gari la umri huo lazima lipite kipimo cha moshi, na taa ya injini ikiwaka halipiti. Kufuta kodi usiku wa kuamkia kipimo hakusaidii: kompyuta ya gari inaonyesha kwamba bado haijamaliza kujikagua.

Ugonjwa ulikuwa huu: ikisimama kwenye taa nyekundu inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukikanyaga mafuta, inatulia. Gereji moja ikasoma kodi, P0300, ikataka kubadilisha plagi nane na koili nane. Karibu dola 900. Mimi ndiye mkalimani wa nyumba yetu tangu utotoni, basi nikamtafsiria Baba. Akasema, "Waulize wamepima nini." Nikauliza. Walikuwa wamesoma kodi tu.

P0300 maana yake silinda zinamisi, bila kutaja ipi. Ingekuwa P0301, ni silinda ya kwanza. P0302, ya pili. Kwa nini zinamisi, haisemi. Nikanunua kifaa kidogo cha kusomea kodi kinachoongea na simu. Magari ya abiria na pikapu zinazouzwa Marekani tangu modeli za 1996 zina tundu lake chini ya usukani. Nikakuta kodi mbili zaidi, P0171 na P0174: pande zote mbili za injini zina hewa nyingi kuliko mafuta.

Baba hata simu yangu hakuitazama. Alifungua boneti, akasikiliza, akasema, "Sailensi inacheza. Inavuta hewa, mwanangu."

Sailensi ni pale injini inapounguruma bila wewe kukanyaga mafuta. Kuvuta hewa ni hewa kuingia kwenye ufa mahali fulani bila kupita kwenye kihisi kinachoipima. Maneno hayo aliyapata kwenye gereji za Tanga, kwenye malori ya kabureta yasiyo na kompyuta yoyote. Na ndiyo zile kodi mbili, kwa Kiswahili.

Tukahakikisha. Kifaa kinaonyesha kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Kwenye sailensi: 24. Kwenye mizunguko 2500 kwa dakika: 5. Ufa ni uleule, lakini injini ikivuta hewa nyingi, ile ya ufa inakuwa sehemu ndogo tu. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka, namba ingepanda kadiri injini inavyofanya kazi zaidi.

Baba akaweka ncha ya kipande cha mpira sikioni, ncha nyingine akaitembeza taratibu, mbali na feni. Nyuma ya injini ikasikika filimbi. Kiwiko cha mpira, kimepasuka upande wa chini, usioonekana. Akakibana kwa vidole na injini ikatulia pale pale. Kipya: dola 14. Tukafuta kodi, akaendesha wiki nzima, taa haikurudi, kipimo akapita.

Nimemtafsiria Baba hospitalini, benki, hadi vikao vya shule vya kunijadili mimi mwenyewe. Watu wakimsikia kupitia kwangu, wanadhani na akili yake ni ya kutafsiriwa. Siku ile chini ya boneti yeye ndiye aliyekuwa ananitafsiria.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, uliza: umepima nini? Na kabla ya hapo, mwite mzee wako asikilize. Kama anakwambia gari inamisi, au inavuta hewa, usimwambie "Baba, ngoja nisome kodi kwanza." Andika alichosema. Kisha soma kodi, uone kama zinamuunga mkono.