Debe na Kihenge

Mama wa nyumba katika vijiji vya Iringa na Mbeya hajazi mavuno yote jikoni. Mahindi na ulezi hukaa kihengeni. Jikoni huwa na debe moja tu. Ulezi ukitakiwa, mtoto hutumwa: mahindi hurudi, ulezi huja, na mpishi haondoki motoni.

Kompyuta nayo ina debe, kumbukumbu ndogo iliyo nyepesi, na kihenge, kumbukumbu kubwa iliyo nzito. Zamani haikuwa na mtoto. Mtunga programu alikuwa mpishi na mchukuzi pia. Aliikata kazi vipande, akaamuru mwenyewe kipi kiingie na kipi kitoke. Ndivyo ilivyotumika ICT 1500, kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, iliyowekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Ajabu ni kuwa mtoto alikwisha zaliwa. Tarehe 7 Desemba 1962, siku mbili kabla ya Tanganyika kuwa jamhuri, kompyuta Atlas ilizinduliwa Manchester, Uingereza. Tom Kilburn na wenzake waliigawa kumbukumbu kwa kurasa za maneno 512, neno likiwa fungu la tarakimu. Debe lilichukua maneno 16,384. Kihenge, mapipa ya sumaku yazungukayo, 98,304. Programu msimamizi ilileta na kurudisha, mtunzi asijue.

Taabu ni debe lijaapo: kipi kitoke? Atlas ilipeleleza ukurasa uliokaa bila kuguswa, ikabashiri utakaochelewa kuhitajiwa. Msimamizi akibashiri vibaya, hutoa kinachotakiwa sasa hivi. Mtoto hushinda njiani, na chungu hakiivi.