Sikio Lililoisikia Dawa

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Nimeifafanua mara nyingi mbele ya wanafunzi wa shule za upili, nikieleza kuwa humsuta mkaidi asiyeonyeka. Sikutarajia kuiona ikipinduka, tena katika sikio la mama yangu mzazi.

Mama huchuma majani chai katika shamba letu dogo la Masaba Kaskazini, Nyamira. Miaka mingi ya kuinama na kubeba kikapu imemwachia maumivu ya kiuno na magoti. Kila nirudipo kutoka chuoni, mimi hushuka Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, nikamnunulia vidonge vya maumivu, diklofenaki au ibuprofeni, bila cheti cha daktari. Nilijihesabu kuwa mwana mwema.

Likizo ya Desemba, tukiwa jikoni, Mama aliniomba nizime redio. Redio haikuwa ikilia. Akauliza ni nani basi aliyekuwa akipiga filimbi. Alisikia mlio mwembamba kama wa nyenje, usiku na mchana, na maneno yetu yalimfikia nusu nusu.

Kabla sijapata la kusema, Shangazi alikuwa amekwisha kupata. Alinong'ona kuwa sauti asiyoisikia mwingine haitumwi bure, akaelekeza kidevu kwenye boma la nyanya mmoja mjane, jirani yetu. Mwili ulinisisimka. Hapa Gusii mnong'ono wa namna hiyo si porojo: Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wakongwe wanne waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Nami, mwanafunzi wa uzamili niwezaye kuhesabu mizani ya shairi nikiwa usingizini, sikuwa na jina la kuuita mlio wa Mama. Jambo lisilo na jina hubatizwa na hofu.

Nilimpeleka hospitalini. Afisa wa kliniki alimchungulia masikio, kisha akauliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Hakuna," akajibu. Nikamkumbusha vidonge. "Hivyo si dawa, mwanangu. Ni vya kunisimamisha tu."

Kumbe alivimeza kila siku, mara nyingine aina mbili kwa pamoja.

Afisa alitueleza kuwa aspirini na jamaa zake wapunguzao uvimbe hufika hadi sikio la ndani. Hupunguza kemikali zinazosaidia damu kupita humo, na aspirini nyingi huzivuruga seli zenye vinyweleo zipokeazo sauti. Zamani, madaktari waliotibu baridi yabisi waliweza kuongeza aspirini mpaka mgonjwa alalamikie mvumo, ndipo waipunguze. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuatilia wanawake 62,261 nchini Marekani. Waliotumia ibuprofeni siku 2 au zaidi kwa wiki walielekea zaidi kupungukiwa na usikivu kuliko walioitumia kwa nadra. Uhusiano huo hauthibitishi kuwa dawa ndiyo chanzo, lakini ni onyo tosha.

Kwa ushauri wa afisa, Mama aliviacha vidonge na kuanza mazoezi ya mgongo. Mlio ulififia siku baada ya siku. Si kila sikio hupona hivyo, na mvumo una vyanzo vingine, vikiwemo umri na kelele. Aidha, aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kumwuliza daktari wake.

Nilipoikunjua karatasi ya ndani ya pakiti, niliukuta mvumo huo umetajwa, kwa Kiingereza pekee, kwa neno lenye asili ya Kilatini. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali onyo lililomhusu Mama halikusema naye. Nasi wana Kiswahili twabishana kuhusu istilahi makongamanoni, kisha twarudi nyumbani na vidonge mfukoni. Najisema mimi kwanza.

"Mvumo wa masikio" si maneno magumu. Shangazi anayajua sasa. Jioni ya mwisho kabla sijarejea chuoni, yule nyanya mjane alikuja kwetu kunywa chai. Alikaribishwa, akaketi kati ya Mama na Shangazi.