Oili Iliyopotea

Mwezi Novemba 2018 nilikuwa Minnesota, Marekani, nyumbani kwa mwanangu wa pili. Theluji ilikuwa imeanguka usiku, na asubuhi akanipeleka gereji anionyeshe pikipiki yake ya theluji. Chombo hicho hakina magurudumu. Mbele kina vyuma viwili vya kuteleza, nyuma mkanda wa mpira, na injini yake ilikuwa ya mipigo miwili kama pikipiki zetu za zamani. Alifunua injini, akanyamaza. Tangi la oili alilolijaza mwezi Machi lilikuwa karibu tupu. Sakafu ilikuwa kavu.

"Nani mwingine ana ufunguo wa gereji hii?" nikauliza.

Akacheka. "Hakuna mwizi, Baba. Imeingia ndani."

Mimi sikucheka. Niliketi juu ya ndoo nikamtazama akifanya kazi.

Injini ya namna hii haina karai la oili chini yake. Petroli na hewa hupita kwanza ndani ya kasha la krenki kabla ya kupanda juu ya pistoni, na pampu huingiza oili kidogo kidogo ili iungue pamoja nayo. Tangi liko juu, pampu iko chini, na vali ndogo ya springi huizuia oili injini ikiwa imezimwa. Springi ikilegea, au uchafu ukinasa, tone hufuata tone kiangazi kizima, na mwenye chombo haoni kitu.

Mwanangu hakuthubutu kuiwasha. Oili haishindiliki kama hewa, alisema. Ukivuta kamba kwa nguvu waweza kuupinda mkono wa pistoni. Alizima swichi, akachomoa plagi zote mbili, akafunika matundu kwa kitambaa, akavuta kamba polepole. Oili ikatoka kwa mafunda.

Kisha akatafuta njia iliyopitia. Injini yake ilikuwa na vali ya sahani inayozunguka, na gia za vali hiyo hupata oili kwa mpira wao wa pekee kutoka tangi lilelile. Kwa hiyo washukiwa walikuwa wawili. Alijaza tangi, akabandika utepe kwenye usawa wa oili, akaubana mpira wa pampu. Baada ya siku tatu oili ilikuwa imeshuka. Akaufungua huo, akaubana wa pili. Siku tatu nyingine oili haikusogea. Basi pampu haikuwa na hatia. Iliyochakaa ni sili ya mhimili wa gia. Kuibadilisha ni kuipasua injini, kazi ya fundi. Alibana mipira yote miwili, akauning'iniza ufunguo wa kuwashia kwenye kibanio, asije akasahau akaiwasha ikavu.

Siku sita zote hizo kwa ajili ya mshukiwa wa mpira! Mimi mwaka 1984 sikumpa binadamu hata siku moja.

Nilikuwa mwalimu mkuu kijijini, katika siku za uhaba, oili ikipatikana kwa kubembeleza. Pikipiki ya shule ilikaa stoo miezi kwa kukosa petroli. Tulipoitoa, tangi la oili lilikuwa tupu na sakafu kavu. Ufunguo ulikuwa kwa mlinzi. "Mwalimu Mkuu, sijaigusa," alisema, akarudia mara tatu. Niliandika barua, akaachishwa kazi. Wiki ileile pikipiki ilipowashwa ilitoa moshi mweupe uliofunika uwanja mzima, watoto wakashangilia. Ile ndiyo oili yetu, ikipanda mbinguni mbele ya macho yangu, nami nikalaumu petroli mbaya. Chuo cha ualimu kilinifunza nisimkosoe mwanafunzi kwa jibu la mwisho tu, niifuate hesabu yake mstari kwa mstari. Siku ile sikufuata mstari wowote.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kumtafuta. Alikuwa amekwisha fariki. Binti yake alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaingia ndani, akatoka na barua yangu, imekunjwa mara nne, sahihi yangu ikisomeka vizuri.

"Hii aliitunza," akasema. "Sasa Mwalimu, andika nyingine."

Niliandika palepale, kwa kalamu ya mjukuu wake.