Kutu ya Bahari, Kiraka cha Mowlem

Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ndiyo aliyotuachia marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ilifika Mowlem kutoka Mombasa ikiwa imeshaliwa na chumvi ya bahari. Mnunuzi alikuwepo. Tulishauriwa tuzibe matundu kwa puti, tupake rangi, tupokee fedha. Lakini bati la sakafu, mbele ya kiti wakaliacho watoto, lilitoboka kwa ncha ya bisibisi. Kuuza hali tunalijua hilo ingekuwa ghushi.

Basi sisi dada wawili tukaenda kujifunza kuchomelea kwa fundi jirani. Alitutaka tuvae pamba tupu, hata mtandio, kwani nailoni ikipatwa na cheche huyeyukia ngozini. Tangi la petroli likafunguliwa na kuwekwa mbali.

Bati la gari kwa kawaida halizidi milimita moja. Moto ukizidi hulitoboa au hulipinda. Kutu hukatwa yote hadi kwenye chuma kizima, kisha kiraka hushikizwa kwa nukta, moja huku, moja kule, kikiachwa kipoe kila mara. Aliyewahi kushona atalielewa jambo hili upesi kuliko wanaume wengi: nguo hupigwa bandi kwanza. Upande wa ndani nao hupakwa rangi ya kuzuia kutu, ijapokuwa hauonekani na mtu.

Mnunuzi ameonyeshwa kila kiraka kabla ya rangi ya juu. Amepunguza bei. Mama ameridhia, na mirathi itagawanywa kwa bei hiyo.