Mbacha na Msala

Nilipoandika barua ya kujiuzulu mwaka wa 2022, mama alinikumbusha kauli ya wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wangu ulikuwa kazi ya ukarani jijini Nairobi: mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu na tumaini la kiinua mgongo. Msala niliouendea ulikuwa kufundisha Kiswahili kwa njia ya intaneti huku nikizuru miji ya pwani, kipakatalishi mkobani.

Mama hakukosea. Mapato yalipanda na kushuka kama maji ya bahari. Aidha, mwanafunzi wangu wa London alipotoka kazini saa kumi na mbili jioni, kwangu ilikuwa saa mbili za usiku, na majira yao ya baridi saa tatu. Umeme ukikatika, somo hukatika, na malipo pia.

Usiku mmoja mjini Lamu, somo likiendelea, bibi mwenyeji wangu aliita kutoka uani: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Niliinuka upesi kutafuta ndoo ya maji. Mwanafunzi wangu akaangua kicheko.

"Mwalimu, unaitwa ukale!"

Nilitahayari. Katika Kiamu, kama ilivyo katika Kimvita, "njoo" ni "ndoo", "njia" ni "ndia", na "njaa" ni "ndaa". Hayo niliyasoma chuoni katika somo la lahaja, nikajibu maswali ya mtihani, kisha nikayasahau. Mwanafunzi huyo aliyarithi kwa nyanyake, mzaliwa wa Mombasa. Wiki tatu kabla ya usiku huo aliandika "ndia" katika insha yake, nami nikalipigia neno hilo mstari mwekundu.

Ni kweli kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwalimu hana budi kukifundisha. Hata hivyo, kusanifisha lugha si kuwakana wenyewe. Mstari wangu ulimwambia binti yule kwamba nyanyake hakujua lugha yake mwenyewe. Nilimwomba radhi.

Mama angali akiuliza nitarudi kazini lini, nami sina jibu la kumtuliza. Ninalojua ni kwamba sasa, kabla ya kuandika "kosa", humwuliza mwanafunzi: neno hili umelipata kwa nani?